UZI: Paa bapa la jengo la biashara linavuja? Kabla ya kuziba tena, tafuta maji yalipolala

#1 Kipimamaji (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Jana jioni nimeshuka ngazi nikiwa na hasira kidogo, ndiyo maana naandika.

Niliitwa kwenye ghala lenye ofisi upande mmoja. Mwenye jengo kanipokea mlangoni: "Fundi, pale pale pamezibwa mara nne na bado panadondosha." Nikapanda. Kweli, juu ya lile doa la darini nimekuta viraka vinne, kimoja kimelala mgongoni kwa mwenzake, lami hadi inameremeta. Nikaanza kutembea kuufuata mwinuko. Mita 9 kutoka pale, kwenye kona ya fremu ya kiyoyozi, kuna mpasuko mdogo, ncha ya kalamu inaingia. Hakuna aliyewahi kuusogelea. Mafundi wanne wamepanda, wanne wameziba juu ya doa, wanne wamelipwa.

Nazungumzia paa bapa, yaani lenye mteremko mdogo sana: zege au mabati ya deki chini, juu yake tabaka la insulesheni (mimi naliita godoro), halafu juu kabisa membreni ya kuzuia maji, iwe karatasi za lami, mpira wa EPDM, au plastiki za TPO au PVC. Paa la namna hii halimwagi maji haraka kama paa la mgongo. Yakipata upenyo yanaingia taratibu na yanakaa. Na tone unaloliona ofisini mara chache sana liko chini ya tundu. Kwenye deki ya mabati, maji yanapita kwenye godoro, yanaangukia mfereji wa bati, yanasafiri nao hadi yakutane na skrubu au maungio ya mabati mawili, hapo ndipo yanashuka. Kwenye zege yanatambaa juu ya slabu chini ya membreni mpaka yapate ufa au pale bomba linapopenya.

Kwa hiyo, kabla hata ya kupanda, mimi naanza na watu wanaokaa ndani. Naomba daftari. Tone lilianza lini, mvua ilikuwa inanyesha au imekatika, upepo ulitoka upande gani, viyoyozi vilikuwa vinawaka? Nyakati za tone zinasema mengi kuliko doa lenyewe.

Likianza dakika chache tu baada ya mvua kubwa kuanza, njia ni fupi na tundu ni la wazi. Angalia midomo ya mabomba ya kutolea maji na sehemu zinazopenyezwa na mabomba. Likija kwa mvua ya upepo wa upande mmoja tu, acha kuangalia sakafu ya paa, nenda kwenye parapeti (ule ukuta mfupi wa ukingoni mwa paa) na flashingi, pale membreni inapopanda ukutani. Likiendelea siku mbili tatu baada ya mvua kukatika na jua linawaka, hapo moyo unanidunda, maana yake godoro limejaa na sasa linajimwaga lenyewe. Na likidondosha siku kavu bila mvua kabisa, huenda hata si paa.

Nitaendelea na namna ya kukagua juu. Maswali yanakaribishwa.

#2 Ngazi Ndefu

Naweka kambi hapa. Mkuu, hao mafundi wanne mbona unawasema hivyo, mmoja anaweza kuwa mimi 😂

#3 Kipimamaji

Mkuu Ngazi Ndefu, hata mimi nilishaziba juu ya doa enzi zangu. Mara mbili. Tusiendelee na hilo.

Sasa juu. Natembea paa zima mara mbili. Mara ya kwanza sigusi kitu, natazama na kusikiliza miguu. Godoro kavu linakusukuma mguu. Lililoloa linabonyea, ukiondoa mguu linarudi polepole, na mara nyingine maji yanachungulia kwenye maungio ya membreni. Ukihisi hivyo kwenye deki ya mabati, rudi nyuma. Hujui kutu imekula kiasi gani chini yako, na kuna watu wamepitiliza.

Mara ya pili napiga magoti. Hapa ndipo uvujaji mwingi unapopatikana: si katikati ya uwanja mpana wa membreni bali kingoni na kwenye kila kitu kinachotoboa paa. Mdomo wa bomba la maji, je, pete yake imebana? Fremu ya kiyoyozi, pembe zake nne zimeshika? Silikoni iliyo juu ya ile baa ya bati ya parapeti, imekauka na kuachana na ukuta? Kwenye maungio ya TPO na PVC, yaliyochomelewa kwa hewa moto, napitisha ncha butu ya bisibisi kando ya mshono, polepole, bila kulazimisha. Mshono mzuri ncha inateleza kama kwenye kioo. Mbovu inazama, na mkono unajua kabla ya jicho.

Pia tazama vinundu vidogo chini ya membreni. Hizo ni skrubu zinazopanda juu kwa sababu ya mtikisiko wa upepo, au kwa sababu deki imeoza na haina tena cha kuzishika. Zikiwa kwenye kona za jengo, fikiria upepo kwanza, kwa kuwa nguvu ya upepo kunyanyua paa ni kubwa zaidi konani, halafu kingoni, ndipo katikati.

#4 Mama Ghala

Kaka Kipimamaji, hongera kwa uzi. Mimi si fundi, mimi ndiye yule mwenye jengo wa hadithi yako, ila jengo lingine. Juu ya paa langu kuna dimbwi kubwa karibu na mdomo wa bomba, nalo halikauki. Fundi kaniambia ni kawaida ya paa bapa. Ni kweli?

#5 Kipimamaji

Dada, dimbwi la saa chache baada ya mvua ni kawaida. Kipimo kinachotumika na wengi ni saa 48: hali ya hewa ikiwa ya kukausha na maji bado yapo baada ya hapo, hayo yametuama, na ni kasoro. Paa bapa halitakiwi kuwa bapa kweli. Kwa majengo mapya mteremko wa asilimia 2 ndio unaotakiwa kwa membreni nyingi, yaani sentimita 2 kwa kila mita.

Na usilidharau kwa uzito. Kila milimita moja ya maji juu ya mita moja ya mraba ni kilo moja. Dimbwi la kina cha milimita 50 lenye ukubwa wa mita za mraba 100 ni tani 5 zimekaa kichwani pako. Deki inapinda kidogo, dimbwi linazama zaidi, mvua inayofuata inaongeza maji zaidi. Ndivyo mapaa mengine yanavyoporomoka bila kimbunga.

Chukua chaki, zungushia dimbwi hilo mstari saa 48 baada ya mvua, piga picha. Rudia mvua ijayo. Mstari ukipanuka, mwite mhandisi wa majengo kwanza, mimi na silikoni yangu tutasubiri. Na kama dimbwi liko pale pale kwenye mdomo wa bomba, kabla ya yote toa majani yaliyoziba. Siandiki kwa dharau. Nimeshatoa kiota kizima cha ndege mle.

#6 Lami_Moto

Wakuu mnazunguka sana. Mimi miaka yote napiga rangi nzito ya kuzuia maji paa zima, koti mbili, tunamaliza. Mteja anafurahi, mimi nafurahi. Haya mambo ya daftari na chaki ni ya wenye muda.

#7 Kipimamaji

Kiongozi, rangi ina mahali pake, juu ya paa kavu lenye membreni iliyochoka kidogo. Lakini rangi haikaushi godoro. Ukiifunika insulesheni iliyoloa, mchana jua linapasha maji, yanageuka mvuke, mvuke unatafuta pa kutokea, unainua membreni. Hayo malengelenge unayoyaona miezi kadhaa baadaye hayakutoka mbinguni. Chini huku skrubu zinaliwa na kutu kimya kimya. Na kama ni ile rangi ya akriliki, ukiiweka penye dimbwi inabanduka mapema; rangi ya silikoni inavumilia zaidi maji yaliyotuama.

Halafu hesabu ya joto. Godoro linazuia joto kwa hewa au gesi iliyofungwa ndani ya vitundu vyake. Maji yanapitisha joto zaidi ya mara 20 kuliko hewa. Kwa hiyo mwenye jengo aliyepigiwa rangi juu ya godoro bichi anaendelea kulipia umeme wa viyoyozi, haelewi kwa nini.

Hata kanuni za ujenzi za IBC, zinazofuatwa sehemu kubwa ya Marekani, haziruhusu kuweka paa jipya juu ya la zamani lililolowa maji. Si kwamba wanapenda kusumbua watu.

#8 Lami_Moto

Sawa mkuu, lakini nitajuaje kama ni bichi bila kufumua paa la watu? Hapo ndipo penye kazi.

#9 Kipimamaji

Hilo ndilo swali nililokuwa nalingoja.

Mimi naanza na kamera ya joto, usiku. Maji yanahitaji joto jingi ili yapande nyuzijoto moja, na yakishalibeba hayaliachii haraka. Mchana kutwa paa linapigwa jua. Jua likizama, sehemu kavu zinapoa upesi, zilizoloa zinabaki na joto. Ukisimama juu ya paa saa moja hivi baada ya machweo ukiwa na kamera, unaona miraba inang'aa gizani, kila ubao wa insulesheni uliokunywa maji umejichora kingo zake. Mara ya kwanza nilipoona nilinyamaza kabisa. Ukitembea na makopo ya rangi ya kupuliza unachora mpaka wa eneo bichi pale pale, kesho asubuhi mwenye jengo anaona ramani kwa macho yake.

Ila ina masharti. Mchana uwe na jua la kutosha, anga ya usiku iwe wazi, upepo mdogo, na uso wa paa uwe mkavu kabisa. Dimbwi litakudanganya. Kiraka kinene cha lami kitakudanganya kwa kubaki na moto kama maji. Hewa ya moto inayotoka kwenye feni itakudanganya, na parapeti iliyopigwa jua itapasha ukanda wa paa ulio karibu nayo. Paa lenye kokoto juu linaficha karibu kila kitu. Lililopakwa rangi ya alumini inayong'aa, kamera inasoma anga badala ya paa. Na insulesheni zenye vitundu vilivyofungwa zinakunywa polepole, mara nyingi utaona fremu tu kuzunguka kingo za ubao, katikati bado pakavu.

Pale kamera inaposhindwa kuna kipimo cha nyutroni. Kinatuma nyutroni za kasi ndani ya paa. Zikigonga haidrojeni zinapungua mwendo, na kifaa kinahesabu zilizopungua. Maji yana haidrojeni nyingi. Lami nayo inayo, kwa hiyo pale penye matabaka mazito kinasoma juu hata kama ni pakavu. Unachora gridi, mathalani kila mita 3, unasoma nukta moja moja. Kina chanzo cha mionzi, si kifaa cha kuazimana. Kinataka leseni na mtu aliyefunzwa.

Vile vijikifaa vya umeme vya kusukuma juu ya membreni, vinavyopima jinsi unyevu unavyobadilisha uga wa umeme, ni vyepesi na vya haraka, ila uso ukiwa na umande vinaimba kila mahali.

Na kuna njia ya kutafuta tundu lenyewe, si unyevu: unalowesha uso wa paa, unapitisha umeme mdogo, na mahali membreni ilipotoboka umeme unashuka hadi kwenye deki. Unafuata mwelekeo wake hadi kwenye kitundu cha msumari.

#10 mhandisi_mstaafu

Bwana Kipimamaji, umeeleza vizuri, niongeze mawili. Hiyo ya mwisho inataka membreni isiyopitisha umeme na kitu kinachopitisha umeme chini yake. EPDM nyeusi ina kaboni, yenyewe inapitisha umeme, kwa hiyo hapo usipoteze muda. Pia ukiwa na insulesheni nene au karatasi ya plastiki kati ya membreni na deki, umeme unaweza kukosa njia.

La pili, vifaa vyote ulivyotaja, ukiacha hicho cha kutafuta tundu, havipimi maji. Vinapima joto, au haidrojeni, au umeme, halafu sisi tunakisia maji. Bila kukata sampuli, ile ramani ni maoni tu.

#11 Kipimamaji

Mzee wangu, shikamoo. Kweli, EPDM niliisahau. Na la sampuli nilikuwa nalijia.

Baada ya kamera nakata sampuli angalau moja mahali panaposomeka pabichi, moja panaposomeka pakavu, na moja penye utata. Ninayokata ni duara la kipenyo cha sentimita 10. Kabla ya kisu, mambo mawili. Paa likiwa bado lina dhamana, mjulishe aliyeitoa, la sivyo huenda umeifuta kwa kisu chako. Na jengo likiwa la zamani lenye lami na mastiki (gundi za kuzibia) za kale, pima kwanza kama kuna asbesto, zile nyuzi zinazodhuru mapafu.

Ukikata, soma tundu kama kitabu. Hesabu matabaka. Mara nyingine unakuta paa la pili chini ya la kwanza na mwenye jengo hakuwahi kuambiwa. Tazama kichwa cha skrubu, kutu ya deki, rangi ya godoro. Nusa. Kisha sampuli iingie kwenye mfuko usiopitisha hewa hapo hapo, ipimwe uzito, ikaushwe kwa joto la wastani hadi uzito uache kushuka, ipimwe tena. Uzito wa maji gawa kwa uzito mkavu, zidisha kwa 100. Ziba tundu siku hiyo hiyo kwa membreni ya aina ile ile. Usiliache hadi kesho.

#12 Zege Tupu

Mkuu, langu ni slabu ya zege tu, halina godoro. Chini kuna chumvi nyeupe na rangi inabanduka, matone madogo madogo asubuhi. Siku za mvua na zisizo za mvua. Wengine wanasema ni jasho la zege.

#13 Kipimamaji

Mkuu, chumvi nyeupe inaonyesha maji yamepita ndani ya zege na kuja na chumvi zake. Matone ya asubuhi bila mvua yanaweza kuwa unyevu wa hewa ya chumbani unaogeuka maji kwenye slabu baridi. Unaweza kuwa na yote mawili. Futa sehemu ikauke, bandika kipande cha karatasi ya foili, kingo zote nne ziwe zimezibwa kwa gundi, iache usiku kucha au zaidi. Maji yakitokea juu ya foili upande wa chumbani, ni jasho, shughulikia hewa. Yakitokea nyuma ya foili, yanatoka kwenye slabu.

Ukitaka kujaribu kwa mpira wa maji, anza sehemu ya chini kabisa ya mteremko na upande polepole, eneo moja kwa wakati, na mtu awe ndani na simu. Ukimwagia kila mahali kwa pamoja utajua tu kwamba paa linavuja, jambo ulilolijua tangu mwanzo. Kuziba mabomba na kujaza maji juu ni kipimo kizuri pia, ila usikifanye bila mhandisi kukuambia slabu inabeba kiasi gani. Kumbuka ile kilo kwa milimita.

#14 Mama Ghala

Kaka, nimerudi na majibu. Nilifuata lile daftari. Wiki mbili. Tone la ofisini linadondosha hata siku kavu, lakini Jumapili, viyoyozi vikiwa vimezimwa, polepole linakata. Tumepanda: bomba la maji ya kiyoyozi limeziba, sinia lake la kukingia maji limefurika, na maji yanashuka kando ya fremu, ambako membreni imeachana kwenye pembe. Bomba limezibuliwa. Fundi anasema basi, tumemaliza, aweke silikoni pembeni.

#15 Kipimamaji

Dada, silikoni ni ya kuvusha wiki. Pembe ile inataka kiraka cha membreni kilichochomelewa vizuri. Na hamjamaliza. Hayo maji yameingia kwenye godoro kwa muda gani? Kata sampuli.

#16 Mama Ghala

Tumekata mita 2 kutoka kwenye fremu. Duara la sentimita 10 kama ulivyosema. Bichi gramu 70. Kavu gramu 14. Nimepata asilimia 400, nadhani nimekosea hesabu.

#17 Kipimamaji

Hujakosea. Godoro la povu ni jepesi, asilimia zake zinapaa. Tuigeuze: gramu 56 za maji kwenye duara hilo ni kama kilo 7 kwa kila mita ya mraba. Kamera imeonyesha eneo gani?

#18 Mama Ghala

Mtu wa kamera kachora kama mita za mraba 300. Sampuli ya pili, ukingoni mwa mchoro wake ndani, nayo bichi. Ya tatu, nje ya mchoro, kavu kabisa.

#19 Kipimamaji

Basi umebeba zaidi ya tani 2 za maji pale juu, na ramani imethibitika. Fumua ndani ya mstari, ongeza ubao mmoja kila upande, kagua deki kila ubao unapoinuka na ubadilishe bati lililooza kabla ya kufunga. Nje ya mstari usiguse, hiyo bado ni mali yako nzuri. Na maji ya kiyoyozi yapelekwe kwa bomba hadi kwenye mdomo wa kutolea maji, yasimwagwe juu ya paa.

#20 Lami_Moto

Mama Ghala, kazi hiyo kama bado hujampa mtu, nipo. Rangi nimeacha nyumbani 😅

#21 Mama Ghala

Umechelewa ndugu yangu, wameanza leo asubuhi. Ubao mkavu kijana anaubeba kwa mkono mmoja. Wa kwanza kutoka karibu na fremu wameubeba watu wawili, na umewamwagia maji hadi ngazini.

#22 Ngazi Ndefu

Weka picha.